Hina Hadi Ncha za Vidole

"Bonyeza tena," alisema msichana wa dirishani. "Kwa nguvu kidogo, daktari. Haiumi."

Sulafa alibonyeza. Vidole vyake vilikuwa vyeusi tii kuanzia ncha mpaka fundo la kwanza, na juu ya fundo maua ya hina yalipanda mgongo wa mkono hadi kujificha ndani ya tobe aliyojitanda. Ilikuwa hina nzuri. Watu wote uani kwa baba yake walikuwa wameisifu. Mashine ya kuchukulia alama za vidole kwa ajili ya viza ikatoa mlio mfupi wa kukataa.

"Inaona nini?" aliuliza.

"Haioni kitu. Inaona giza." Msichana aligeuza skrini kidogo ili Sulafa naye aone. Palikuwa na madoa meusi yaliyopangana, hayana mstari hata mmoja. "Ndoa yako lini?"

"Juzi, Ijumaa."

"Na rangi wakakupaka mpaka ncha." Aliguna kwa huruma. "Maarusi wengi huja hivi, dada yangu. Wanaokwenda kwa waume zao Jeddah huonywa mapema waache ncha nyeupe. Wewe hakuna aliyekwambia?"

"Hakuna."

"Pole. Nafasi nyingine ni mwezi ujao."

"Mkutano wangu ni mwezi huu."

Msichana alitazama nyuma yake, akashusha sauti. "Njoo kesho asubuhi, kabla foleni haijaanza. Nitakuingiza. Ila uje na vidole, usije na makaa."

Sulafa alitoka nje Khartoum ikiwaka jua la Mei, na upande wa kaskazini mbingu ilikuwa imeanza kupata ile rangi ya matofali inayotangulia vumbi. Akaificha mikono ndani ya tobe kama mtu aliyeiba. Hakurudi nyumbani. Alivuka daraja kuelekea Omdurman, akaenda moja kwa moja kliniki ya chuo, mahali anapofundisha wanafunzi kung'oa na kuziba meno.

Njiani aliikumbuka siku habari ile ilipokuja. Chama cha watafiti wa meno cha ng'ambo kilikuwa kimechagua kazi yake isomwe mbele ya mkutano mkuu, huko Uholanzi, na mfuko wa watafiti wachanga kutoka nchi zisizo na uwezo ungemlipia tiketi, chumba na kiingilio. Kwa mshahara wa mwalimu msaidizi wa Omdurman, safari hiyo ilikuwa sawa na safari ya mwezini. Alipomsomea baba yake, mzee Khidir aliomba asomewe tena, kisha akauficha uso kwa kilemba.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mzee Khidir kabla haijawa ya mtu mwingine. Tangu ujana wake alikuwa akibandika tombaki, ule ugoro mbichi wa donge, kati ya fizi na mdomo wa chini, kama wafanyavyo wanaume wa mtaa mzima. Siku moja pakatoka doa jeupe lisilouma, naye akalipuuza kwa kuwa haliumi. Lilipoanza kuuma, madaktari walikata nusu ya mdomo. Sulafa alikuwa mwanafunzi wakati huo. Tangu alipohitimu hakuacha kuzunguka soko la Omdurman na taa kichwani, akiwaomba wauza viungo, wachinjaji na washonaji wamfungulie vinywa, akitafuta lile doa jeupe likiwa bado changa. Sasa alijua linakoanzia, linavyotembea na wakati gani bado linaweza kurudi nyuma. Alitaka kusimama mbele ya watu wenye maabara na kusema: nimeliona, nisaidieni.

Na huko huko sokoni ndiko alikompata Muzammil.

Alikuwa amekaa kwenye duka lake la tobe, katikati ya mabunda ya rangi za zabibu na za ndimu, donge la tombaki limemvimbisha mdomo. Sulafa alimwambia, "Fungua kinywa."

"Hivi hivi, daktari? Bila utangulizi?" Aliutema ugoro, akapangusa mdomo kwa aibu ya uongo. "Kwetu sisi upande wa mume ndio hupeleka zawadi ili mama wa binti afungue kinywa na kutoa jibu. Leo binti mwenyewe amekuja kunifungua mimi, na bure."

"Ningekuwa na zawadi ningekupa mswaki. Fungua."

Akafungua. Sulafa alimulika, akainama karibu zaidi. Kisha akasema polepole, "Lipo doa hapa. Dogo. Ukiacha leo litaondoka. Usipoacha, tutakuja kuonana tena mimi na wewe mahali pabaya."

Muzammil alimtazama machoni kwa muda ambao mwanamume haruhusiwi kumtazama mwanamke asiyemjua. Akachukua mfuko wa ugoro kutoka mfukoni, akautupa kwenye mfereji wa barabara, mbele ya marafiki zake waliokuwa wakicheka. Baada ya hapo alikuja kliniki kila wiki ili aangaliwe. Doa likapona, naye hakuacha kuja, mpaka akaja kwa baba yake kuposa.

Ndiyo maana siku wazee walipokaa kuizungumza safari, na maneno yakawa mazito, Sulafa hakumtazama mtu mwingine. Mama yake Muzammil, bi Sittana, alikuwa amesema waziwazi, "Mwanangu Hatim naye alikwenda mkutano. Wiki moja, alisema. Huu mwaka wa sita namwekea sahani." Na mzee Khidir, kwa kinywa chake kilichokatwa, alikuwa ameuliza kama watu hawatasema binti yake amepelekwa Ulaya bila mume. Muzammil akasimama. Alikuwa mrefu, na akikasirika au akipenda sauti yake ilikuwa ileile. "Tufunge ndoa kwanza," alisema. "Karamu tutafanya akirudi. Aende akiwa mke wangu, kisha nimwone huyo wa kumsema mke wa Muzammil."

Usiku ule Sulafa aliulaza mkono juu ya moyo wake mwenyewe, akacheka peke yake gizani. Alidhani amepata vyote viwili.

*

Kliniki ilikuwa tupu. Alijifungia chumba cha mwisho, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akachanganya ule unga wa mchanga laini wanaosafishia meno na maji ya limau. Akafunga burashi ndogo kwenye mashine, akakanyaga pedali. Burashi ikazunguka juu ya ncha ya kidole cha shahada. Weusi haukutikisika. Akaongeza kasi.

Alhamisi ile, siku moja kabla ya ndoa, alikuwa amekaa juu ya mkeka uani, miguu na mikono imenyooshwa, wanawake wamemzunguka, moshi wa talhi, ule mti wa kufukizia maarusi, ukipanda kutoka kwenye shimo pembeni. Mpambaji alipofika kwenye vidole Sulafa alimwambia, "Ncha niachie, shoga. Jumapili nina kazi ya ubalozini."

Bi Sittana akaweka kikombe cha kahawa chini. "Ncha nyeupe? Mwanangu, mwanamke mwenye ncha nyeupe ni yule aliyefiwa na mume. Unataka Muzammil asomewe hitima kabla ya khutuba?"

Wanawake walicheka. Mmoja akapiga kigelegele.

"Si hivyo, mama. Mashine ile ya alama..."

"Mashine ina macho ya kuona rangi? Rangi iko juu, alama ziko chini. Wewe si daktari?" Akamshika kidevu, akamgeuza uso kwa upole. "Umeniletea furaha ya kwanza katika nyumba ile tangu Hatim aondoke. Nipe na vidole."

Sulafa alimtazama mwanamke yule aliyekuwa na macho ya kulia na mdomo wa kucheka. Kweli, alifikiri, rangi ni rangi tu. Akaiacha mikono yake. Mpambaji akachanganya hina na ule wino mweusi mzito, akaipaka tabaka juu ya tabaka, na wanawake wakaanza kupiga ngoma ya daluka na kuimba:

Hina ishike vidole,
iwe nyeusi milele,
mwenda mbali asilale,
amkumbuke wa pale.

Sasa burashi ilikuwa imefika penye nyama. Damu ilitokeza kwenye kidole gumba, nyembamba, ikachanganyika na unga ikawa rangi ya waridi. Akabadilisha kidole. Alipomaliza mikono yote miwili alikuwa na ncha za rangi ya kahawia na nyekundu, zinazowaka kama zimetoka kwenye mafuta ya moto. Alizifunga kwa pamba na kurudi nyumbani, akamwambia baba yake amejikata kazini.

Jumatatu asubuhi msichana wa dirishani alimfungulia mlango wa pembeni kama alivyoahidi. Alipoiona mikono alirudi nyuma hatua moja.

"Umefanya nini, daktari?"

"Jaribu tu."

Akajaribu, akapangusa kioo, akajaribu tena. Kisha akauzima mwanga wa kijani kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu anayefumba macho ya maiti.

"Jana mistari ilikuwa imefunikwa," alisema. "Leo haipo. Umeichuna. Itarudi, ngozi hurudi, lakini si kwa wakati wako."

*

Tufani ya vumbi iliingia Omdurman adhuhuri. Sulafa alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba katika chumba cha wageni, madirisha yamefungwa, mchanga ukigonga mabati, simu iliposhtuka. Alikuwa Ishraqa, dada yake Muzammil, anayeishi Jeddah na mumewe.

"Wifi yangu, bibi arusi wetu," Ishraqa alisema kwa sauti iliyojaa sukari. "Umeshapata viza nikuombe zawadi? Nataka jibini la Uholanzi, lile jekundu la mduara."

"Sikupata, wifi. Vidole vilikataa."

"Vilikataa vipi?"

"Hina."

Kisha Ishraqa akasema, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, "Lakini mimi nilimwambia Muzammil."

Sulafa akakaa.

"Alhamisi," Ishraqa aliendelea. "Nilipiga, mama hakupokea, nikampata yeye. Nikamwambia mimi mwenyewe nilirudishwa hapa kwenye alama za ukaazi kwa sababu ya hina, nikakaa mwezi mzima bila karatasi. Nikasema kimbia kawaambie wamwachie ncha. Akasema anakwenda sasa hivi. Labda... labda alikuta mmeshamaliza?"

"Labda," Sulafa alisema.

"Wifi?"

"Nipo. Nitakupigia."

Hakulia. Alitazama mikono yake kwa muda, kisha akampigia mumewe na kumwambia jambo moja tu: njoo.

Muzammil alikuja katikati ya vumbi, kilemba kimezungushwa usoni, nyusi zimekuwa za mzee. Chini ya mkono alikuwa na tobe mpya iliyokunjwa, rangi ya maji ya Nili wakati wa mafuriko. Mzee Khidir alimpokea, akamwonyesha chumba cha wageni, akaenda kuketi ukumbini na kuuacha mlango wazi nusu, kama inavyostahili nyumba yenye binti ambaye bado hajatolewa.

"Niliichagua kwa ajili ya siku utakayosimama mbele yao," Muzammil alisema, akiiweka tobe kitandani. Kisha akaiona mikono. "Sulafa. Nani kakufanya hivi?"

"Kaa chini."

"Nani, nakuuliza."

"Kaa chini, Muzammil. Usipandishe sauti kana kwamba kuna mtu wa kupigana naye."

Akakaa kwenye kitanda cha pili. Kati yao palikuwa na stuli yenye birika la maji mekundu ya karkade ambalo hakuna aliyelimimina.

"Alhamisi Ishraqa alikupigia," Sulafa alisema.

Hakukuwa na haja ya kusema zaidi. Aliuona uso ule alioupenda ukijifunga, taya ikikaza, macho yakienda dirishani kutafuta vumbi. Alikuwa ameshawaona wagonjwa wengi wakifanya hivyo anapowauliza kama wameacha tombaki.

"Alinipigia," alisema.

"Akakwambia nini?"

"Unajua alichoniambia."

"Nataka nikisikie kwako."

"Aliniambia hina itaharibu alama. Nikatoka dukani. Nilikuja, Sulafa. Wallahi nilikuja. Nilifika mpaka mlango wa ua wenu, mkono wangu ukawa juu ya bati."

"Halafu?"

"Nikakusikia unacheka."

Sulafa aliilaza mikono mapajani.

"Mlikuwa mnaimba," alisema Muzammil. "Na mama yangu alikuwa anaimba. Mama yangu. Unajua tangu lini sijaisikia sauti ile? Nikasimama. Nikasema nitabisha wimbo ukiisha. Ukaisha, mkaanza mwingine. Na moyo wangu ukaniambia: ukinyamaza tu, usifanye kitu kingine chochote, nyamaza tu, atabaki."

"Kwa hiyo ukanyamaza."

"Sikudanganya mtu."

"Wewe ndiye uliyesimama mbele ya baba yangu na kusema niende."

"Nilisema kwa kweli. Siku ile nilisema kwa kweli." Sauti yake ilikuwa imepanda, naye akaishusha. "Wewe hujakaa mezani na ile sahani ya Hatim. Inapakuliwa, inapoa, inamwagiwa kuku. Kila siku. Wiki moja alisema. Alitubusu wote vichwani, akaacha viatu vyake vizuri nyumbani ili tujue anarudi. Nitajuaje wewe hutaacha viatu?"

"Ungeniuliza."

"Ungesema nini?"

"Ningekwambia baba yangu yuko hapa. Midomo ya soko zima iko hapa. Kazi yangu iko ndani ya vinywa vya watu wa Omdurman, Muzammil, nitaifanyia wapi Uholanzi? Wao hata ugoro hawajui unabandikwa wapi." Akavuta pumzi. "Na ningekwambia wewe uko hapa. Hilo ningelisema mwanzo."

Muzammil aliinuka, akataka kuishika mikono ya Sulafa, akaona hakuna pa kushika bila kuumiza. Akabaki amesimama, mikono yake mizuri ya mpima vitambaa ikining'inia.

"Mwakani," alisema. "Sikiliza. Mwakani wataita tena. Nitakupeleka mimi mwenyewe hadi uwanja wa ndege. Nitauza bunda zima la tobe za Uswisi nije na wewe wakitaka."

"Hakuna mwakani."

"Kwa nini hakuna? Mkutano si wa kila mwaka?"

"Mkutano ni wa kila mwaka. Mfuko ni wa watafiti wachanga, wasiozidi miaka mitano tangu wahitimu. Uchanga wangu unaisha Desemba. Mwakani nitakuwa mtafiti mzima, na mtafiti mzima wa Omdurman anajilipia mwenyewe." Akatabasamu kidogo, tabasamu lisilokuwa na mwanga. "Hukuniuliza hilo pia."

Muzammil alifunika uso. Mabega yake yakatikisika mara moja, na Sulafa akaona kitu ambacho kilimtisha kuliko hasira: alitaka kumfariji. Mkono wake uliinuka wenyewe kuelekea kichwa kile, ukafika nusu ya njia, ukarudi mapajani.

Mlango ulilia. Mzee Khidir alikuwa amesimama kizingitini, fimbo mkononi. Maneno yake hutoka yamelowa na yamekatika, na wageni humwomba arudie. Lakini Muzammil hakuwahi kumwomba arudie, na hilo ndilo lililokuwa limempendeza mzee tangu mwanzo.

"Mwanangu," alisema mzee Khidir. "Mimi nina nusu ya mdomo. Nilipotaka kumzuia binti yangu, nilisema. Nilipotaka kumruhusu, nilisema. Wewe una mdomo mzima, na ni yeye aliyekuokolea."

Muzammil aliinamisha kichwa. "Nisamehe, baba."

"Mimi sina cha kusamehe. Mimi sikuwa na safari." Akageuka, fimbo ikagonga sakafu hadi ukumbini.

"Unataka nikuache?" Muzammil aliuliza, bila kulitamka lile neno talaka. "Sema. Nina kiburi, wewe unakijua kuliko mtu yeyote, lakini ukisema, nitakiweka chini. Sema tu."

Sulafa alikuwa ameshaliwaza tangu simu ya Ishraqa. Alikuwa amemwona baba yake akitoka msikitini Ijumaa, akipewa mikono na wanaume wa mtaa, akisahau kwa mara ya kwanza kuuficha mdomo wake. Je, amtembeze tena njia ileile kesho kutwa, aeleze kwamba ndoa imedumu siku tatu?

"Sisemi hilo," alijibu. "Ila karamu isipangwe. Mwambie mama Sittana nitabaki kwa baba yangu."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Mwezi? Mwaka? Niambie kitu nikishike."

"Nimekwambia sijui. Na nikikwambia sijui, ni kweli sijui. Mimi si mtu wa kuficha."

Neno lile lilimkata. Aliketi tena, mzito, kama aliyerushiwa gunia.

Saa ilikuwa imekaribia ya kumpigia mratibu wa mfuko. Walikuwa wamemwandikia kwamba wanahitaji jibu la viza leo kabla ya jioni, ili kama hakuna, nafasi ipewe mwingine. Sulafa aliivuta simu. Vidole havikuweza kuifungua: kioo cha simu nacho hakikumjua. Alijaribu mara ya pili, kisha akamnyooshea Muzammil bila kumtazama.

"Nibonyezee. Namba ya siri unaijua."

Aliijua. Ilikuwa tarehe waliyokutana sokoni. Akabonyeza, akatafuta jina aliloelekezwa, akairudisha simu ikiwa inalia, ikiwa kwenye kipaza sauti.

Aliyepokea alikuwa mwanamke mtu mzima, sauti yake safi, nyuma yake ndege wanalia na hakuna vumbi. Walizungumza kwa Kiingereza. Muzammil alijua cha sokoni, cha bei na rangi, basi. Alikaa akiangalia midomo ya mkewe kama mtu anayetazama filamu kupitia dirisha la jirani.

Sulafa alisema viza haikupatikana. Mwanamke akasikitika, na akasikitika kweli. Alisema wasomaji wote wa mfuko waliipenda kazi ile ya sokoni, na kuna profesa aliyekuwa ameomba aketi naye mezani siku ya kwanza. Sulafa alifumba macho. Mwanamke akamwambia anayefuata kwenye zamu ni kijana wa Nepal, atapigiwa leo hii, atafurahi sana. Sulafa akasema anafurahi kwa ajili yake, na alipolisema alikuta ni kweli, na ukweli ule ndio uliomtoa machozi ambayo hayakuwa yametoka tangu Jumapili.

Kisha mwanamke akaomba radhi, akasema kuna jambo dogo: lazima aandike sababu. Je, aandike nini?

Sulafa alifungua macho. Muzammil alikuwa mbele yake, magoti yamekutana, vumbi limemkauka kwenye kope. Hakujua kilichoulizwa, lakini alijua kwamba kimeulizwa. Alikuwa anangoja kama mtu aliyesimamishwa mbele ya kadhi wa lugha ngeni. Sababu zilikuwa nyingi. Zote zilikuwa za kweli. Angeweza kulitamka jina lake, na lingeandikwa huko mbali na watu wasiomjua, na hakuna mtu Omdurman ambaye angelisikia kamwe.

"Nimeolewa," Sulafa alimwambia yule mwanamke.

Sauti ya upande wa pili ikachangamka kama taa iliyowashwa. Ilisema maneno mengi, ikacheka, ikauliza jina la bwana, ikalitamka vibaya, ikacheka tena. Sulafa alishukuru, akaaga. Simu ikajizima mkononi mwake.

Nje mabati yaliendelea kupigwa mchanga. Muzammil alingoja kadiri alivyoweza kungoja.

"Amesema nini?"

Sulafa alipangusa mashavu kwa mgongo wa mkono, pale maua ya hina yalipokuwa bado mazima.

"Amekupongeza," alisema. "Amesema wewe ni mwanamume mwenye bahati."